Wimbo Usio na Ujumbe: Historia ya Lalamiko

Lalamiko la wapenzi wa muziki wa Kiswahili limekwisha kupata maneno yake maalumu, kiasi kwamba mtu hahitaji tena kulitunga. "Muziki wa siku hizi hauna ujumbe." Husemwa vijiweni, husemwa ndani ya daladala pindi dereva anapofungua redio, husemwa na watu wazima waliocheza Msondo na Sikinde ujanani mwao. Siku hizi husemwa hata na vijana ambao hawajawahi kushika kaseti mkononi. Ni sentensi fupi yenye huzuni ya kweli ndani yake, na sina nia ya kuikejeli. Ila sisi tunaoshughulika na maneno tunapaswa kuuliza swali ambalo mlalamikaji hajiulizi: hicho kinachokosekana, je, ni ujumbe kweli?

Ujumbe ni kazi ya mjumbe. Mjumbe hutumwa na mtu anayejua anachotaka kisemwe. Maneno huwa kamili kabla mjumbe hajaondoka nyumbani, na anayepelekewa hana kazi ila kuyapokea. Ndiyo maana wahenga wakasema mjumbe hauawi: maneno si yake. Kwa kipimo hicho, wimbo unaovuma leo una ujumbe tele. Nakupenda, nina fedha, usiniache, wenye wivu na wapasuke. Hakuna msikilizaji ambaye ameshindwa kuupata. Ikiwa bado moyo wake hauridhiki, basi kiu yake ni ya kitu kingine, na kitu hicho kina jina la zamani zaidi katika ushairi wetu. Jina lake ni fumbo.

Turudi Unguja. Taarabu iliingia kasrini katika enzi ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na simulizi zinazokubalika ni kwamba yeye ndiye aliyempeleka Mohammed bin Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni. Mwaka 1905 ikaanzishwa klabu ya Akhwan Safaa. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, wasikilizaji walikuwa waungwana, na adabu ya kuzisikiliza ilikuwa kukaa kimya. Kisha akatokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa watu wa hali ya chini ambaye kabla ya kuimba aliuza vyungu. Shaaban Robert ameyaeleza maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho kila mpenzi wa nathari ya Kiswahili angepaswa kukisoma walau mara mbili. Humo tunaona kwamba lawama dhidi ya msanii aliyebadilisha muziki hazikuanza na kizazi chetu. Siti alisimangwa kwa sura yake na kwa asili yake, naye akajibu kwa wimbo, bila kumtukana mtu, akiuelekeza macho ulimwengu kwenye kile ambacho wenye kumcheka hawakuwa nacho.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulibeba takriban dakika tatu za sauti. Nakuomba msomaji uishike hesabu hiyo, kwa sababu mojawapo ya hoja zinazotolewa dhidi ya muziki wa leo ni kwamba nyimbo zimekuwa fupi mno, na kwamba katika dakika mbili na nusu mtu hawezi kusema neno la maana. Siti aliweza. Katika dakika zile tatu aliingiza Kiswahili ndani ya sanaa ambayo wakubwa waliidhani ni mali ya lugha nyingine. Hakufanya hivyo kwa mafumbo peke yake, maana wimbo wake maarufu wa "Kijiti" ni habari ya mauaji yaliyotokea kweli, na ya kesi ambayo adhabu yake iliwaangukia wasiostahili. Waliokuwa wakimsikiliza walijua kwamba angeweza kusema waziwazi kila alipotaka. Alipofumba, basi, alifumba kwa kuchagua.

Ni vema tutazame kwa karibu namna fumbo linavyofanya kazi, kwa sababu watu wengi hulichukulia kuwa ni namna tu ya kuficha matusi. Nitaunda ubeti mmoja hapa kwa ajili ya mfano, kwa mizani minane kwa minane, kama tathlitha za taarabu zilivyozoea:

Kisima nilikichimba, maji wanateka wao
Mikono imenivimba, wapita na ndoo zao
Nimebaki nayo kamba, nawatazama wendao

Mke aliyeachwa akiusikia ubeti huu atajua ni wake. Mzee aliyepigania chama kisha akasahauliwa atajua ni wake. Kibarua wa shambani, mlezi wa mtoto asiye wake, mtunzi ambaye wimbo wake umepewa jina la mwingine, wote hao wana kisima chao. Mwimbaji hamjui hata mmoja wao. Katika ukumbi wa taarabu jambo hili halikubaki nadharia, kwani lilionekana kwa macho: mtu huinuka kitini, hupita polepole hadi mbele akiwa na noti mkononi, humtunza mwimbaji katika ubeti uleule unaomgusa, huku jicho lake likimtafuta anayekusudiwa. Wimbo ulikuwa umeachwa wazi mahali fulani, na mwenye kutunza ndiye aliyekuja kupajaza. Kanga za mama zetu hufuata kanuni hiyohiyo. Jina la kanga halina anwani mpaka mwanamke alivae na kupita mbele ya mlango fulani.

Ili wimbo uachwe wazi kwa ustadi, anahitajika fundi wa maneno, na katika taarabu fundi huyo mara nyingi hakuwa mwimbaji. Mombasa tunao mfano bora kuliko wote. Mohamed Khamis Juma Bhalo alikuwa na sauti iliyowaliza watu, lakini nyingi katika nyimbo zake zilitoka katika kalamu ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa Malenga wa Mvita. Zein l'Abdin Alamoody, mpiga udi wa Lamu asiye na mfano, aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany. Na hapa ifahamike kwamba Juma Bhalo alizipokea tuni nyingi kutoka filamu za Kihindi, kama zilivyo. Akhwan Safaa walikuwa wamepokea kutoka Cairo. Bendi za dansi za bara zingekuja kupokea kutoka Kuba na Kongo. Kwa hiyo anayelaumu muziki wa leo kwa sababu umechukua mapigo ya Nigeria au amapiano ya Afrika Kusini anashika tawi ambalo babu zake wote walilikalia. Tuni ilikuwa ngeni tangu zamani. Beti zilikuwa zetu, na zilikuwa na mwenyewe.

Sasa neno "ujumbe" liliingiaje? Naona njia yake kuu ilipita Tanganyika baada ya uhuru. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika miaka iliyofuata bendi kubwa zikawa chini ya taasisi za umma na jumuiya zake: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Polisi wakawa na yao, Jeshi la Kujenga Taifa wakawa na yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na yake. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilianzia chini ya shirika la teksi kabla ya kuhamia Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara. Muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 1969 kwa kuwa ulionekana unawapotosha vijana. Mahali pa kurekodi palikuwa, kwa sehemu kubwa, ni Radio Tanzania, na kabla ya bendi kurekodi, maneno ya wimbo yalipitiwa kwanza na watu waliopewa kazi hiyo. Wimbo ulitakiwa kufundisha. Zama hizohizo ndizo zilizotupa mjumbe wa nyumba kumi, na sidhani kama ni kwa bahati tu kwamba wimbo na kiongozi wa mtaa walikutana katika neno moja.

Mtu asinielewe kwamba nauponda muziki wa zama zile. Ni katika mikono ya waimbaji kama Muhidin Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka na Marijani Rajab ambapo Kiswahili kilipata hadithi za kuimbwa zenye wahusika, mgogoro na hatima, na wimbo wa dansi wenye sehemu mbili, ya kusikiliza na ya kuchemka, uliwapa watunzi nafasi ambayo santuri ya Siti haikuwa nayo. Wale watu walipitia kichujio cha serikali wakatoka na sanaa. Lakini walitoka na sanaa kwa sababu walijua kufumba. Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa mtu aliyekuja baadaye kidogo, Remmy Ongala. Alipotaka kuwaonya watu kuhusu ukimwi, aliimba "Mambo kwa Soksi". Ujumbe huo ulihitajika kuliko ujumbe wowote wa wakati ule, nao ulivikwa vazi la nyumbani ambalo mtoto angeweza kulitamka. Redio ya taifa haikukubali kuupiga. Wimbo ukaenea hata hivyo, na neno "soksi" likabaki vinywani mwa watu kwa maana ile mpya.

Katika miaka ya 1990 milango ilifunguliwa. Vituo binafsi vya redio vilianza, na taarabu ikapata umbo jipya lililoitwa rusha roho. Tanzania One Theatre, iliyoanzishwa mwaka 1992, na Muungano Cultural Troupe zikashindana kwa mipasho, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, na kumbi zikajaa hadi nje. Wazee wa Unguja walihuzunika. Walisema fumbo limevuliwa nguo. Ni wakati huo pia ambapo maneno "taarabu asilia" yalianza kuwa na maana, kwa kuwa hakuna anayekiita kitu asilia mpaka kije kingine kukisukuma. Lugha hufanya hivyo daima: huzaa jina la kilichotangulia siku ile kinapoanza kuondoka. Watanzania wakaziita nyimbo za dansi la zamani "zilipendwa", na ndugu zetu wa Kenya "zilizopendwa". Wanasarufi wanaweza kubishana juu ya kirejeshi hicho kilichodondoka upande wa kusini. Mimi hunigusa zaidi kwamba wote wawili walichagua wakati uliopita, na kwamba anayependa hakutajwa.

Halafu ikaja Bongo Fleva, na hapo ndipo mlalamikaji wetu anapokosea kuhesabu. Husema kwamba kila kitu kiliharibika vijana waliposhika kipaza sauti. Si kweli. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa "Ndio Mzee", wimbo wa mwanasiasa anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukiitikia kwa jina hilo la wimbo. Mwimbaji hasemi hata mara moja kwamba huyu ni mwongo. Anamwachia aseme mwenyewe mpaka aumbuke, na anamwachia msikilizaji acheke kisha ajigundue yumo ndani ya ule umati. Hiyo ni kejeli ya daraja la juu, na ni fumbo kamili ingawa haina kina cha kati wala mizani iliyohesabiwa. Wasomaji wa ushairi mmeuona ugomvi wa namna hii kwenye uwanja wenu, pale Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 na wengine wakasema kisicho na vina si shairi. Hasara iliyompata mpenzi wa muziki, basi, haikutokea kati ya dansi na Bongo Fleva. Ilitokea ndani ya Bongo Fleva yenyewe, baadaye, na sababu zake zinaweza kutajwa.

Moja ni kufa kwa kaseti. Msanii aliyeuza kanda ya nyimbo kumi alihitaji wimbo mmoja wa kuchezwa na tisa za kumfanya mtu asijutie fedha yake. Katika zile tisa ndimo mtunzi alipojaribu mambo. Kaseti ilipokwisha, wimbo mmoja mmoja ndio ukawa bidhaa. Ikafuata biashara ya miito ya simu, ambapo kinachouzwa ni kiitikio, na sasa ni vipande vya sekunde chache katika mitandao. Dakika tatu za Siti zilikuwa ni chombo kidogo kilichojazwa. Kipande cha sekunde kumi na tano hakihitaji kujazwa, kinahitaji kurudiwa.

Nyingine ni video, na hii naiona nzito zaidi kuliko watu wanavyodhani. Hebu chukua ubeti wetu wa kisima uutie picha: mwanamke fulani, nyumba fulani, gari linaloondoka na mume. Papo hapo kisima kimefukiwa. Yule kibarua na yule mzee wa chama hawana tena pa kuingilia, maana jicho limekwisha kupewa jibu kabla sikio halijauliza swali. Na mitandao imeongeza la kwake: ugomvi wa wasanii hutangazwa wiki mbili kabla ya wimbo, hivyo wimbo unapofika kila mtu anajua unamlenga nani. Mpasho wa zamani ulimfanya kila mwenye kosa ajishuku. Wa sasa una mlengwa mmoja, na sisi wengine ni watazamaji.

Serikali nayo huangalia mahali pasipostahili. Mwaka 2018 nyimbo kadhaa za wasanii wakubwa zilizuiwa kupigwa hewani kwa sababu ya maadili, na mwishoni mwa mwaka huohuo Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, uliochezea jina la mtaa wa Nyegezi. Wengine waliutetea wakisema ni fumbo, mbona mababu walifumba zaidi ya hapo? Nyimbo za unyago kweli zilisema makubwa kuliko hayo, kwa watu maalumu, mahali maalumu. Lakini kwa heshima zote, mchezo wa neno Nyegezi ni kitendawili. Kitendawili kina jibu moja. Ukishalipata, kimekwisha, na cha kumchekesha mtu mara ya pili hakipo. Fumbo ni kile ambacho ukikirudia baada ya miaka 20, umeolewa, umezika, umehama mji, kinakupa jibu ambalo hukuwa nalo.

Yapo mambo ambayo mlalamikaji hapendi kuyasikia. Huo muziki anaoulilia, aliulipia lini? Gurumo aliimba kwa takriban nusu karne, na alipostaafu mwaka 2013 ilijulikana wazi kwamba hakuwa na gari la kumrudisha nyumbani. Aliyemkabidhi gari mwaka huo ni Diamond Platnumz, kijana yuleyule anayetajwa kwanza kila muziki wa sasa unapolaumiwa. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya mwaka 1999. Wengi wa watunzi wa zilipendwa walikuwa wamekwisha kuzeeka au kufa. Tuliwasikiliza bure redioni, tukawaita wakongwe. Kijana aliyeyaona hayo akaamua kutunga kile kinacholipa siwezi kumwita mjinga.

Wala si kwamba vijana hawaujui urithi. Mwaka 2016 Diamond aliurudia wimbo wa Saida Karoli wa mwaka 2001, ulioimbwa kwa Kihaya na kupendwa na mamilioni wasiojua Kihaya, na mwaka 2017 kundi lake lilitoa wimbo walioupa jina "Zilipendwa". Vijana wa uswahilini waliobuni singeli, huko Manzese na Tandale, walianza kwa kuchukua vipande vya ala za taarabu ya kisasa na kuviongeza kasi hadi mpigo ukapita 200 kwa dakika. Mchiriku kabla yao ulidharauliwa hivyohivyo kwa sababu ya vinanda vyake vya bei rahisi. Ukisikiliza singeli kwa makini utakuta baadhi ya waimbaji wake wana maneno makali, ya papo kwa papo, yenye jicho la mtaani ambalo studio kubwa zimelipoteza. Ila katika kuchukua kwao taarabu walichukua utangulizi wa ala, ile sehemu inayopigwa kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, wakairudia na kuirudia. Pale ambapo ubeti wa kwanza ungeingia, kipande hukatwa na kuanza upya.